Ramani Ililipiwa Busia: kisa cha meza yetu ya mtandaoni

Usiku wa kikao chetu cha saba cha mchezo wa hadithi tunaoucheza mtandaoni, dada wa Busia aliingia mezani mara tano na kutoka mara tano. Naijua idadi hiyo kwa sababu meza inaandika yenyewe kila mtu anapofika na anapopotea: ameingia, ametoka, ameingia, ametoka. Usiku ule sikuhesabu. Nilikuwa Ntinda, Kampala, macho yamenata kwenye kompyuta, nikirekebisha taa za mahandaki niliyoyachora wiki nzima. Kila jina lake lilipozimika nilijisemea kwamba wateja wamemzidi dukani. Siku mbili baadaye akaniandikia: "Kaka, mimi nipumzike kidogo. Endeleeni tu, nawatakia mchezo mwema."

Nikamjibu kwa heshima, nikamtakia mapumziko mema, nikaendelea kuchora.

Kundi letu lilikaribia kuvunjika baada ya hapo, na ukimuuliza yeyote kati yetu sababu, jibu lilikuwa moja: mtandao. Nimerudi kwenye kisa hiki mara nyingi tangu siku hizo, nikapima na kuhesabu, na nilichokikuta hakikuwa mtandao. Ilikuwa meza niliyoipanga mimi, na gharama yake ilikuwa inamwangukia mtu mwenye simu dhaifu kuliko wote, bila mimi kuona chochote.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: ni hadithi inayosimuliwa na watu kadhaa kwa pamoja. Mmoja ni msimulizi. Anaeleza mahali palivyo, anawasemea walinzi, wafanyabiashara, wanyama na mizimu. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na msimulizi akimaliza kueleza anauliza swali lile lile: "Unafanya nini?" Jambo likiwa na shaka, kama kuruka shimo au kumdanganya mlinzi, inarushwa dadu ya pande 20. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuchapishwa, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Kanuni zake za msingi zimekuwa chini ya leseni huria ya Creative Commons tangu Januari 2023, ndiyo maana tuliweza kuzitafsiri kwa matumizi yetu bila kuomba ruhusa, pamoja na sifa sita za kila mhusika: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara, Haiba. Mwalimu wetu aliipigania "Haiba" wiki nzima dhidi ya "Mvuto", na nakiri alikuwa na haki.

Watu wakiwa miji mbalimbali, meza inahamia kwenye kioo. Programu za kazi hiyo zipo tangu zamani: Fantasy Grounds ya mwaka 2004, Roll20 ya 2012, Foundry VTT ya 2020, na nyingine nyepesi kama Owlbear Rodeo. Zote zinakupa ramani, kete za wahusika (alama zinazoonyesha kila mhusika amesimama wapi) na dadu. Nyingine zinaongeza ukungu unaoficha sehemu ambazo wachezaji hawajafika, kuta zinazozuia macho, mienge inayomulika hatua chache tu mbele ya kete, na muziki. Nilichagua Foundry kwa sababu mbili nzuri: leseni inalipiwa mara moja, na ni msimulizi peke yake anayelipa. Wachezaji wanaingia kwa kivinjari tu. Nilipoona "wachezaji hawalipi" nilifurahi, nikafunga hesabu ya gharama hapo hapo.

Wenyewe wameandika wazi kwamba programu yao haikutengenezwa kwa ajili ya simu. Nilisoma. Nikadhani ni tahadhari ya kawaida, kama zile za kwenye chupa za dawa ya kikohozi.

Tuko watano. Mwalimu wa Kiswahili yuko Mbale, ana kompyuta mpakato ya shule anayoruhusiwa kwenda nayo nyumbani. Afande, askari mstaafu, yuko Bombo na kompyuta aliyoachiwa na mwanawe. Kijana mmoja kutoka Kongo yuko kambi ya Nakivale, wilayani Isingiro, anatumia simu. Dada wa Busia anauza vitenge na vyombo vya plastiki karibu na mpaka, anatumia simu. Na mimi. Hatuna lugha ya mama inayotuunganisha sote. Kiswahili ndicho kinachotuweka meza moja. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini Kampala bado wapo watakaokutazama ukikizungumza sokoni, wakidhani wewe ni mgeni au mwanajeshi. Kwa hiyo zile saa tatu za usiku zilikuwa na thamani kwetu kuliko mchezo. Mwalimu aliwahi kusema ndiyo mahali pekee anapokitumia Kiswahili kwa furaha, bila mtihani mbele yake.

Hadithi yetu tuliijenga juu ya simulizi za Watembuzi na Wachwezi, watawala wa kale katika masimulizi ya Bunyoro: mfalme Isaza aliyevutwa na ng'ombe wazuri hadi akashuka kwenye ufalme wa Nyamiyonga, chini ya ardhi, asirudi. Wahusika wetu wanamtafuta. Kijana ni mpiga ngoma, Afande ni mrina asali, Mwalimu ni mganga, dada ni mvuvi wa Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria, anayeogopa nchi kavu. Kufikia kikao cha saba walikuwa wamefika kwenye mahandaki niliyoyachora kwa kuiga Bigo bya Mugenyi, kando ya Mto Katonga, ambako mahandaki ya kale yakijumlishwa yanapita kilomita 10. Nilitaka waingie mle gizani kwa mwenge mmoja. Nilichora picha ya pikseli 7,000 kwa 7,000, nikaweka kuta moja moja kwenye kila kona ya handaki, mamia ya vipande, nikaongeza wimbo wa dakika 12 wa ngoma na upepo unaojirudia.

Ilikuwa nzuri. Nasema hivyo bila kusita kwa sababu bila kuuelewa uzuri wake huwezi kuelewa kwa nini sikuona nilichokuwa nafanya. Afande alipoingia na mwenge na ukuta wa udongo ukajitokeza hatua tatu mbele yake, alinyamaza kabisa, halafu akasema taratibu: "Nimewahi kutembea mahali kama hapa."

Kwenye kioo changu.

Kuhusu mtandao, tulikuwa na sababu ya kuushuku. Uganda haina bahari. Intaneti yetu inashuka kwa nchi kavu hadi pwani, kwa sehemu kubwa Mombasa, ndipo ikutane na nyaya za chini ya maji. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi. Mtu aliyeishi hayo, ukurasa ukikataa kufunguka hajiulizi mara mbili.

Kwa hiyo nilianza na mtandao. Meza ilikuwa inaendeshwa na kompyuta yangu, kwenye ruta ya laini ya simu. Hapo kuna mambo mawili ambayo yeyote anayetaka kuendesha meza nyumbani anapaswa kuyajua. La kwanza ni anwani. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, kama nyumba za kupanga zenye geti moja lisilo na namba za vyumba. Mchezaji aliye nje hawezi kukufikia hata ufungue milango gani kwenye ruta yako. Inabidi upitie seva ya kati inayopokea wageni na kuwaleta kwako, na nilikuwa nimeshafanya hivyo.

La pili ni kupandisha. Kila kitu wachezaji wanachoshusha, kompyuta yako ndiyo inayokipandisha, kwa kila mmoja peke yake. Siku moja nilikaa na kupiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mwanzo. Ramani MB 38. Wimbo MB 29. Programu yenyewe, picha za wahusika na vikorokoro vingine, kama MB 20. Jumla MB 87 kwa mtu, mara wachezaji wanne ni MB 348. Laini yangu usiku ilikuwa inapandisha megabiti 2 kwa sekunde. Megabaiti moja ni megabiti 8, kwa hiyo zinahitajika sekunde 1,392, yaani dakika 23, kabla kila mtu hajaona mahali tulipo. Tulikuwa tukianza saa mbili usiku. Saa mbili na nusu tulikuwa bado tunaulizana "umeona?" "bado".

Nikakodi seva Afrika Kusini, nikaihamishia meza huko. Dakika 23 zikawa tatu kwa Mwalimu na Afande. Nikafurahi, nikatangaza kwamba tatizo limekwisha. Kijana wa Nakivale alisema "asante sana" na kikao kilichofuata akaongea mara nne tu kwa usiku mzima. Dada wa Busia hakurudi.

Hapa ndipo uchambuzi wangu wa kwanza ulipoishia, na ulikuwa umekosea. Nilikuwa nimetibu kile nilichoweza kukiona nikiwa kwenye kiti changu.

Mwezi uliofuata nilikuwa na safari ya kwenda Tororo. Nikapita Busia kumsalimia. Alinikaribisha dukani, akaagiza chai na chapati, tukazungumza habari za watoto na bei za vitenge. Nilimwomba anionyeshe jinsi meza inavyoonekana kwenye simu yake. Akasita. Nikamwashia hotspoti ya simu yangu ili asitumie bando lake, ndipo akakubali.

Tuliiweka simu juu ya kaunta, kati ya beseni mbili za plastiki. Ukurasa ulianza kufunguka. Mstari wa kupakia ukafika mwisho. Majina yetu yakatokea pembeni, kete yake ya mvuvi ikatokea katikati, na kuizunguka kulikuwa na weusi mtupu. Nikadhani ni giza la mahandaki. Nikiwa na kompyuta yangu kwenye begi, nikaingia kama msimulizi nikawasha mwanga wa mchana kwenye ramani nzima. Kwake weusi ulibaki vile vile. Nikaigusa simu mgongoni, ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai. Baada ya kama dakika moja na nusu ukurasa ukapepesa, ukawa mweupe, ukaanza kujifungua upya kutoka sifuri. Kihesabu cha data kilikuwa kimesogea MB 87. Kikaanza kusogea tena.

Akasema, akiitazama simu, si mimi: "Nilikuwa nafikiri wote mnaona hivi hivi, ila nyinyi mmezoea."

Kikao kizima cha saba, mvuvi wake alikuwa amesimama kwenye weusi. Alikuwa akiniambia "namfuata Afande" kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda, na mimi nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu kwamba mchezaji huyu anakosa ubunifu.

Sasa mambo ya kiufundi, kwa kifupi, kwa sababu ndiyo yaliyonifungua macho. Uzito wa faili na uzito wa picha ni vitu viwili tofauti. Picha ikiwa ndani ya faili imebanwa. Ikifunguliwa kwenye kioo kila pikseli inachukua baiti nne. Pikseli 7,000 kwa 7,000 ni milioni 49. Mara nne ni baiti milioni 196. Kompyuta ya Mwalimu haioni tabu. Simu ya dada ina GB 2 za kumbukumbu, ambazo zinagawanywa na mfumo wenyewe, programu ya sauti na kivinjari. Ikizidiwa, inaua ukurasa mzito kuliko zote, na ukurasa huo ndio wetu. Tena chipu za picha za simu nyingi za zamani au za bei nafuu haziwezi kupokea picha moja yenye upande unaozidi pikseli 4,096. Zaidi ya hapo haikupunguzii ubora wala kukupa onyo, inaweka weusi. Ramani yangu isingeweza kuonekana kwenye simu ile hata kama Busia ingekuwa na mtandao bora kuliko yote duniani.

Halafu gharama. Kompyuta ya Mwalimu ikishashusha ramani inaiweka akiba, na ukurasa ukifunguliwa upya haishushi tena. Simu ya dada ilijaa picha za bidhaa anazowatumia wateja, na akiba ya kivinjari haikuwa na pa kukaa. Kila ukurasa ulipokufa, MB 87 zilishushwa upya. Mara tano ni MB 435. Ongeza sauti, ambayo kwa wengine ilikuwa kama MB 55 kwa usiku, inafika MB 490. Mwalimu, aliyeona kila kitu, alitumia MB 142. Kijana wa Nakivale alikuwa akifungua mara tatu kwa kikao: MB 316.

Niliziandika namba hizo tatu kwenye karatasi pale pale kaunta, moja chini ya nyingine, na sikuweza kunywa chai. Aliyeona vizuri zaidi alilipa kidogo zaidi. Ambaye hakuona chochote alilipa zaidi ya mara tatu yake. Na data Uganda ina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, na VAT ya asilimia 18 pia ipo. Kabla ya hapo, kuanzia Julai 2018, tulilipa shilingi 200 kwa siku kufungua mitandao ya kijamii. Mfanyabiashara mdogo anaijua data yake kama anavyojua mafuta ya taa kwenye kibatari. Yeye alikuwa akiinunua kila Ijumaa, inaisha kabla ya saa nne usiku.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. "Kaka, wewe ulikuwa umehangaika sana na zile ramani. Nikasema nisiwe mimi ndiye wa kuwarudisha nyuma."

Hiyo ndiyo sehemu ya kisa ambayo hakuna kipimo kingeionyesha. Sisi tumelelewa kutomwambia mwenye nyumba kwamba chakula chake kimekushinda. Nilipouliza kwenye kundi "kila mtu yuko sawa?", swali lenyewe lilikuwa limeshabeba jibu. Mtu mwenye tatizo alitakiwa ajitokeze mbele ya wengine wanne aseme kwamba simu yake ni duni. Siku hizi simuulizi mtu kama yuko sawa. Nauliza "unaona nini kulia kwa kete yako?", kila mmoja kwa zamu, mwanzoni mwa kila tukio. Swali hilo halimwaibishi mtu, na ramani nyeusi haiwezi kujificha.

Niliporudi Kampala nilikuwa na hasira na ile meza, nikaamua kuitupa kabisa. Kikao cha kumi tulikifanya kwa sauti tupu, na dada alirudi. Nilifurahi kumsikia. Lakini kikao kilikwenda vibaya, kwa sababu ambayo sikuitarajia hata kidogo.

Nilisema: "Mbele yenu kuna handaki." Mwalimu akaona shimo refu la kale lenye kingo za udongo, kama nilivyokusudia. Afande akaona handaki la vita, jembamba, la kusimama mtu na bunduki, akainama. Kijana, kwa Kiswahili cha kwao, akaelewa pango la chini lenye paa, akaanza kutafuta mlango. Nikajaribu "mtaro", na dada akaona mtaro wa maji wa kando ya barabara, akauvuka kwa hatua moja. Tulitumia dakika 40 kwenye shimo moja. Si kosa la mtu. Kiswahili chetu kinatoka Mbale ya darasani, kambi za jeshi, Kongo na mpakani, na maneno ya ardhi na ujenzi ndiyo yanayotofautiana zaidi. Tukiwa tumekaa pamoja ningechora mstari kwa kidole kwenye vumbi, ingetosha.

Hapo nikaelewa kazi halisi ya meza ile. Kazi yake ni ule mstari kwenye vumbi: kutuweka wote mbele ya shimo moja. Mengine yote niliyoyaongeza, mwenge, ngoma, upepo, kuta mamia, yalikuwa kazi ya mdomo wangu ambayo nilikuwa nimeihamishia kwenye bando la mtu mwingine.

Meza ya sasa iko hivi. Ramani ni picha moja ya pikseli 3,000 kwa 2,000, imebanwa kwa muundo wa WebP, haizidi KB 900. Ikifunguka inachukua baiti milioni 24, na simu ya Busia inaibeba bila kupata joto. Naituma kwa WhatsApp asubuhi ya siku ya kikao, kila mtu aishushe kwa wakati wake. Nimeandika namba pembeni na herufi juu, kama ubao wa drafti, ili mtu aseme "naenda F7" bila kufungua meza kabisa. Mwalimu, mwenye kompyuta, anasogeza kete za wote na kutuma picha ya kioo hali ikibadilika sana. Sauti inapita kwenye programu ya mazungumzo, video imezimwa, muziki hakuna. Wenye simu hurusha dadu yao nyumbani na kuitaja. Kuna aliyeniuliza kama hawadanganyi. Katika vikao vitano vya kwanza dada alipata moja, matokeo mabaya kuliko yote, mara tatu, na kila mara aliitangaza mwenyewe kabla hatujauliza.

Matumizi yake usiku wa kwanza wa mpango huu yalikuwa MB 58.

Afande ndiye aliyetuletea dawa ya jambo jingine lililokuwa likitusumbua. Sauti inachelewa kidogo, watu wawili wanaanza pamoja, wananyamaza pamoja, wanaanza tena pamoja. Yeye akaleta kanuni za redio: unasema jina la mhusika wako, unasema unachofanya, unamaliza na "ova". Mara ya kwanza tulicheka. Sasa hata kijana, aliyekuwa akimezwa na wenye sauti kubwa, anamaliza sentensi zake zote.

Kuna tulichopoteza, na sitaki kujifanya hakipo. Ule ukimya wa Afande mbele ya ukuta wa udongo haujarudi. Nilimuuliza. Alisema: "Nakumbuka lile giza. Lakini nakumbuka pia kwamba nilikuwa peke yangu mle ndani." Ukungu sasa naufunua kwa mkono, na wiki iliyopita niliwatumia picha isiyofichwa, wakaona wavamizi wote sita waliokuwa nyuma ya kichuguu. Mwalimu akaomba mganga wake asifanye lolote kwa sababu yeye "hajaiona". Tukaendelea hivyo hivyo.

Jambo ambalo bado halijakaa sawa ni la Nakivale. Kijana anachajisha simu kwenye kibanda cha sola, kwa malipo, na kibanda kinafungwa jioni. Saa tano usiku betri yake inakuwa asilimia 10 au chini. Kwa muda tumehamia Jumamosi saa nane mchana, lakini hiyo ndiyo saa ya wateja wengi Busia, kwa hiyo dada anacheza huku akipima vitenge, na mara nyingine mvuvi wake anasimama mtoni hadi mteja alipe. Tunamsubiri. Tumezungumza kuhusu kuchanga pawabenki ya kijana. Amekataa mara moja kwa adabu, na safari hii sijakubali haraka. Nitamuuliza tena tukiwa wawili.

Sura inayofuata msimulizi ni dada wa Busia. Ameomba mwenyewe. Wahusika wanatoka mahandakini na kufika ziwani, na yeye ndiye anayelijua ziwa. Ramani yake ya kwanza ameichora kwa kalamu ya bluu nyuma ya daftari la madeni ya duka, akaipiga picha na kututumia jana usiku: mwalo, mitumbwi minne, kisiwa kimoja kilichowekwa alama ya kuuliza. KB 310. Nimeifungua, na kulia kwa kete yangu naona mtumbwi uliopinduka.